Naenda Ethiopia Januari na mama mdogo, naombeni mwongozo kabla sijalipia chochote

ndama_mtulivu

Habarini za humu wakuu. Januari inayokuja, kuanzia kwenye tarehe 15 hivi, nataka kumpeleka mama yangu mdogo Ethiopia tukae kama wiki moja. Yeye ndo kashikilia bango, toka zamani anausikia tu mji wa kale wa Harar na anataka auone kabla magoti hayajamgomea, mimi kiukweli nilikuwa nawaza Lalibela kwenye yale makanisa ya kuchongwa ndani ya mwamba. Sasa kadri navyouliza ndo navyozidi kuvurugwa, huyu ananiambia nenda kwa basi, huyu anasema ukipanda basi umejitakia, mwingine eti dola nibadilishe mtaani, mwingine anasema ukibadilisha mtaani utalala ndani.

Mwenye uzoefu anisaidie haya: viza (mimi pasi ya Tanzania, mama mdogo pasi ya Kenya), hela za kwenda nazo, msosi wa mama mdogo maana ni Muislamu na kwenye nyama hana mchezo, usafiri wa ndani na usalama kwa ujumla. Na eti saa wanahesabu kama sisi, ni kweli au utani wa vijiweni? Kiamhari hatujui hata neno moja. Natanguliza shukrani.

mzee_wa_transiti

Karibu mkuu. Mimi nigusie ya kuingilia na hela, Harar nawaachia wanaoijua.

Mama mdogo hana shida, wa pasi ya Kenya anaingia bila viza, we hakikisha tu pasi yake haiko mbioni kuisha. Wewe omba ya mtandaoni kwenye evisa.gov.et, hiyo hiyo na sio nyingine, maana ukitafuta Google zinakuja juu tovuti za mawakala zimepambwa kuliko ya serikali yenyewe na zinakuongezea hela juu kwa fomu ile ile ambayo ungejaza mwenyewe. Unaskani pasi, unaweka picha, unalipa kwa kadi, jibu linakuja kwa imeili. Lichapishe, usitegemee simu itakuwa na chaji ukifika dirishani. Soma pia sehemu ya kuingilia waliyokuandikia, kama umeomba kwa uwanja wa ndege wa Bole pale Addis halafu ukabadili mawazo ukataka kupitia Moyale kwa barabara, ulizia ubalozini kwanza kabla hujafika mpakani ukaanza kulia na askari. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, bebeni wote wawili, wasipoiuliza wao utaulizwa wakati wa kurudi.

Droni kama unayo iache nyumbani. Ukitua nayo bila kibali wanaichukua pale pale forodhani na hakuna maneno. Dola zikiwa nyingi zitangaze unapoingia, upewe karatasi.

Hela ya kule ni birr, na hapa nisikilize vizuri. Julai 2024 waliiachia birr ijitafutie bei yenyewe, kabla ya hapo benki dola moja ilikuwa birr 57 hivi, baada ya hapo ikapita 100 na kuendelea. Kwa hiyo makala yoyote ya zamani inayokwambia chakula bei hii teksi bei ile, itupe. Bei za benki hazifanani, pitia mbili tatu, hata ndani ya Bole zipo. Dola ziwe safi, zisiwe na chapa ya wino wala zimekunjwa kama karatasi ya karanga. Kadi ya Visa inatoa hela kwenye ATM nyingi za benki za Dashen, Awash na CBE, ila sio kila mashine na sio kila siku, mtandao ukilala ndo umelala, hivyo usiende na kadi peke yake ukasema umemaliza. Wenyeji wengi wanalipana kwa simu kupitia Telebirr, ndo maana unakuta mwenye kibanda chenji hana, omba noti ndogo benki. Zikikubakia zibadilishe kabla hujatoka maana nje ya nchi birr haina mpokeaji, na risiti ya benki uliyobadilishia mwanzo utaulizwa, itunze.

jogoo254

Wacheni kumtisha jamaa jamani. Mimi nimepita Moyale hadi Addis kwa basi na niko hapa nacheza na simu. Mandhari safi, watu poa, bei rahisi. Na dola unabadilisha kwa duka, unapata zaidi ya benki, kila mtu anafanya hivo. Mkisikiliza hawa wazee wa ndege mtatumia pesa yote kwa tiketi mfike huko mkule mkate na maji.

Kahawa Tungu

jogoo254 kaka hongera kwa kufika salama ila huyu anasafiri na mtu mzima mwenye magoti mabovu. Moyale mpaka Addis ni karibu kilomita 770. Na hela ya mtaani ni kosa kisheria kule, halafu tangu birr iachiwe faida yenyewe imepungua, unajiweka hatarini kwa hela ya kahawa mbili. Akikutilia noti za bandia katikati ya bunda utaenda kumshtaki wapi?

Sasa hilo la saa. Ni kweli kabisa, na hapo ndo sisi tunajiona wajanja kuliko wazungu halafu tunapigwa vilevile. Kule siku inaanza kukicha, jua likishatoka likapita kidogo ni saa 1, adhuhuri saa 6, kama sisi tu. Ukiongea na mtu kwa lugha yake mambo yananyooka. Kasheshe inaanza mkihamia kwenye Kiingereza. Dereva aliyezoea wageni anakugeuzia mwenyewe, akitaja nane kwa Kiingereza anamaanisha saa 2 asubuhi yetu. Asiyezoea wageni hageuzi, akitaja nane kwa Kiingereza hicho hicho basi ni saa 8 mchana. Wote wawili wako sahihi na wewe umesimama na begi mlangoni. Mwambie akuoneshe kwenye simu yake, au uulize ni saa ya Habesha, yaani ya wenyeji, au ya ferenji, yaani ya wageni, watakuelewa haraka sana maana wenyewe hilo swali wamelizoea. Ndege zote zinatumia saa za kimataifa, tiketi ikisema 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, hata hizi za ndani ya nchi. Za basi ndo uangalie, zinaweza kuwa zimeandikwa kwa saa yao na kwa tarehe yao.

Maana tarehe nazo ni habari nyingine. Mwaka wao una miezi 13, kumi na miwili ya siku 30 na mmoja kichanga wa siku 5 au 6. Mwaka mpya ni Septemba 11, au Septemba 12 kwa miaka mingine. Septemba 2025 wao ndo kwanza waliingia 2018. Hoteli na mashirika ya ndege wanakuandikia tarehe za kawaida, ila risiti za ofisini, vibali, tiketi za mabasi, usishangae ukakuta umerudi nyuma miaka saba au nane. Ukiona mwezi wa 5 tarehe 11 usidhani umekosea kukata, huo mwezi unaitwa Tir na siku hiyo ni Januari 19.

Na Januari 19 ni Timkat! Hukujua, naona. Ni sikukuu ya ubatizo, kati ya kubwa kabisa walizonazo, na wiki yako inaidaka katikati. Nitarudi kuielezea nikitoka kazini.

Vitu vidogo: plagi zao ni zile za pini mbili za mviringo, umeme 220, chaja zetu za pini tatu bapa haziingii, nunua adapta kabisa. Magari yanapita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara gari la kwanza linatokea kushoto kwako, mama mdogo umshike mkono hasa kwenye zile barabara pana za Addis.

Ummu Rayyan

Assalaam alaykum. Ndugu yangu mwambie mama mdogo asiogope, atakula vizuri kuliko wewe.

Kule suala la nyama wenyewe wanalichukulia kwa uzito pengine kuliko sisi. Mkristo wa Orthodox hali nyama iliyochinjwa na Muislamu, na Muislamu hali ya Mkristo, bucha zinajulikana kabisa hii ya huku hii ya kule. Faida yake ni kwamba ukiuliza hakuna anayekuona unaleta nongwa, atakwambia wazi hapa si pa Waislamu nenda mlango ule. Hoteli na migahawa ya kawaida ya Addis mingi nyama yake ni ya Kikristo, hata kama wao pia nguruwe hawali, usijidanganye kwamba hakuna nguruwe basi ni halali. Tafuta alama ya mwezi mlangoni au neno halali limeandikwa. Maeneo ya soko la Merkato kuzunguka msikiti wa Anwar yapo mengi, na Bole Michael ambako Wasomali wamejaa huko ni wali na mbuzi mpaka uchoke.

Akiwa hana uhakika aagize chakula cha mfungo. Orthodox wanafunga kila Jumatano na Ijumaa, hawagusi nyama wala maziwa wala siagi wala mayai, na kila mgahawa una sahani yao inaitwa beyaynetu, injera moja pana, ule mkate wao laini kama chapati, imepangwa juu yake dengu, mbaazi za kusaga, kabeji, kiazi sukari kile chekundu, mboga ya majani, kila kimoja kwenye fungu lake, unamega injera unazungukia. Siku nyingine pia unaweza kuipata, unasema tu ya tsom, yaani ya mfungo. Shiro, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu, nayo iombe ya tsom la sivyo wanaweza kuitia siagi. Msile na mkono wa kushoto. Na umwandae mama mdogo, akialikwa mahali mwenyeji anaweza kufunga tonge kubwa la injera kwa mkono wake na kumpelekea mdomoni, wanaita gursha, ni heshima, afungue mdomo tu apokee. Kukataa ni aibu na likiingia moja wanakuletea la pili.

Kitu kimoja: kitfo ni nyama ya kusaga mbichi au iliyopitishwa motoni kidogo tu. Wanaipenda mno. Kama tumbo lako la mjini waambie iive kabisa, au usiagize.

Harar sasa. Msiende kwa gari kutoka Addis, ni mbali na njia nyingine zina matatizo. Ndege ni Addis hadi Dire Dawa, kama saa moja angani, halafu pale mnachukua gari mpaka Harar, kilomita 50 na kitu, barabara inapanda milimani. Njiani mtapita Awaday ambako mirungi inauzwa kama mchicha, marobota kwa marobota, watu wanakimbia nayo kwenye magari. Angalieni kwa macho, msije mkaona ni zawadi ya kubeba, Tanzania ni kosa.

Mji wa zamani unaitwa Jugol, umezungushiwa ukuta na una milango mitano ya kale, UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006 na wenyewe wanahesabu misikiti 82 humo ndani, mingine ni kijumba tu ukipita bila kuangalia hukioni. Vichochoro ni vya mawe, vinapanda na kushuka. Hapo kwenye magoti ndo pa kufikiria, kwa hiyo chukueni bajaji iwafikishe mlango ulio karibu na mnapokwenda, mtembee kidogo kidogo, msilazimishe kuzunguka mji wote mchana mmoja. Tafuteni nyumba ya kulala ya Kiharari ndani ya ukuta, sebule yao ina vibaraza vya kukalia vya ngazi ngazi, vimepakwa rangi nyekundu, ukuta mzima umening'inizwa vikapu na masahani, mama mdogo atakaa pale na wenye nyumba mpaka umsahau. Jioni nje ya ukuta kuna watu wanalisha fisi. Ndio, fisi wazima, wanakuja wenyewe gizani wanachukua nyama kwenye kijiti. Mimi nilikaa ndani ya gari, sitaki ujasiri.

mzee_wa_transiti

Umenena Ummu Rayyan. Niongezee kwenye ndege: kama mnaingia Ethiopia na Ethiopian Airlines, tiketi za ndani mnakata kwa bei ya chini, kwenye tovuti yao wanauliza namba ya tiketi yako ya kimataifa. Kwa hiyo kata ya nje kwanza halafu ndo ya Dire Dawa. Watu wengi wanafanya kinyume wanalipa bei nzima.

Kuna na treni ile ya umeme inayotoka Addis kwenda Dire Dawa mpaka Djibouti, abiria ilianza kuwabeba 2018. Ni nzuri kwa mtu anayependa kuangalia nchi, ila kituo chake kiko Furi-Lebu nje kabisa ya mji, haiendi kila siku na inakula siku yako yote. Kwa wiki moja na mtu mzima mimi nisingeigusa.

Lalibela mkuu iache safari hii. Sio kwamba haina thamani, yale makanisa 11 hayana mfano wake duniani. Ila mkoa wa Amhara una mapigano kati ya jeshi na wanamgambo wa Fano tangu 2023, na Lalibela na Gondar ziko humo humo. Wapo wanaokwenda kwa ndege na kurudi salama, lakini hali inabadilika ghafla na intaneti inaweza kukatwa, utakuwa huko juu na mama wa watu huna hata pa kupigia. Barabara za huko ndo kabisa, na baadhi ya barabara za mkoa wa Oromia pia kuna utekaji, jogoo254 asikudanganye.

jogoo254

Sijadanganya mtu, nimesema nilipita. Lakini sawa, na mzazi ni mambo tofauti, hapo nakubali. Ya dola bado nasimama pale pale hahaha.

ndama_mtulivu

Wakuu mbarikiwe sana, yani mmenifungua. Lalibela nimeiweka pembeni. Nabaki na Addis na Harar. Bado maswali: laini ya simu, nguo (nasikia Addis baridi), na ndani ya Addis tunatembeaje bila kuibiwa? Na hiyo Timkat Kahawa Tungu usitusahau.

Kahawa Tungu

Nipo. Baridi ni kweli, Addis iko juu mita 2,300 na zaidi. Januari hakuna mvua, mchana jua kali linachoma, jua likizama unatafuta sweta, alfajiri ndo usiseme. Siku ya kwanza mtahisi pumzi fupi mkipanda ngazi hata moja, hasa mama mdogo, kwa hiyo siku hiyo pumzikeni, kunyweni maji, Entoto mlimani mpande siku nyingine.

Laini: Ethio telecom ndo wanaofika kila mahali, Safaricom nao wapo tangu 2022. Unasajiliwa kwa pasipoti. M-Pesa ipo pia lakini ni ya laini ya kule, usitegemee kwamba salio la mama mdogo la Kenya litamlipia teksi Addis.

Usafiri wa mjini: kuna vidaladala vya rangi ya buluu na nyeupe, konda anachungulia dirishani anaimba jina la anakokwenda mfululizo, ni rahisi sana bei yake ila kama husomi herufi zao na hujui mitaa utazungushwa. Kwa nyie wawili tumieni apu, Ride au Feres, bei inaonekana kwenye simu na mnalipa taslimu. Teksi za barabarani patana bei kabla mlango haujafungwa. Treni ya mjini ipo lakini inajaa kupita maelezo na ndo uwanja wa wachomoaji. Merkato pia, ni soko kubwa mno, nendeni na mwenyeji, simu iwe mfuko wa mbele, pasi ibaki hotelini mbebe kopi. Mtu akikumwagia kitu kwenye nguo halafu mwenzake akaja kukufuta kwa upole, hao wako kazini, ondoka. Polisi ni 991, gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu 907.

Usipige picha uwanja wa ndege, majengo ya serikali, askari, wala madaraja. Sio vitisho, simu inachukuliwa kweli. Makumbusho ya Taifa nendeni, yale mabaki ya Lucy, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, yaliyofukuliwa Hadar 1974 yana nyumba yake pale, wenyewe wanamwita Dinknesh, na kama mama mdogo ataingia kanisani kutazama basi viatu vinavuliwa mlangoni na mtandio wake uko sawa kabisa, wewe ndo vaa soksi nene maana mazulia ya makanisa ya zamani yana viroboto.

Sasa Timkat. Januari 18 mchana kila kanisa linatoa tabot yake, ni nakala ya lile sanduku la agano, imefunikwa vitambaa vya kung'aa na padri anaibeba kichwani chini ya miavuli ya rangi, umati wote umevaa nyeupe unaisindikiza kwa ngoma mpaka kwenye maji. Addis wanakutana uwanja wa Jan Meda, wanakesha hapo, kesho yake asubuhi 19 maji yanabarikiwa na watu wanarushiwa kwa mipira ya maji, hapo ndo vijana wanashangilia kama mvua ya kwanza. Ni wageni wachache wanaoiona wakajuta. Lakini barabara nyingi zinafungwa siku zote mbili na benki na ofisi zinafunga tarehe 19, halafu tarehe 20 kuna tabot ya Mikaeli ndo inarudi kanisani na njia nyingine bado zimebanwa. Kwa hiyo nendeni Harar mapema, mrudi Addis 17, hoteli mchukue ambayo mnaweza kutembea kwa mguu kidogo mkaona maandamano bila kuhitaji gari, na ndege ya kurudi nyumbani iwe 21 au 22. Ukiiweka 19 utafika Bole umebeba begi kichwani.

Ummu Rayyan

Na hoteli lipieni sasa hivi, Timkat wanarudi Wahabeshi wa Marekani na Ulaya na familia zao, vyumba vinaisha. Mwambie mama mdogo abebe na dawa yake ya magoti ya kutosha, ikae kwenye pakiti yake na cheti cha daktari, asihamishie kwenye kichupa.

ndama_mtulivu

Sawa kabisa. Nimeangalia tarehe, Dire Dawa tunaingia 15 jioni. Swali la mwisho, pale Dire Dawa gari ya Harar usiku inapatikana?

Ummu Rayyan

Inaweza kupatikana ila usiende usiku, ile njia ni ya kona na malori. Laleni Dire Dawa, asubuhi saa 2 mnaondoka. Saa 2 ya kwetu na ya kwao.

jogoo254

Na wakati wa kubuki uliza kama hoteli ina genereta.